Nyota ya Mita

Hakuanza na mama. Alianza na saba.
Kalala kifudifudi kichochoroni, nyuma ya nyumba, Kibokoni,
pua imegusa kioo cha mita ya maji,
akasema, saba.
Nikampigia simu mamangu kumwambia Twalha kanena.
Sikumwambia kanena na nani.

Sasa ana miaka mitano na miezi.
Safari ya dukani, dakika nne kwa mtu mwingine,
kwetu ni saa nzima na robo:
mita ya mlango wa buluu, mita ya mshona kofia,
mita ya Bwana Kassamali iliyofungiwa kizimba cha chuma.
Hiyo huisoma kwa kioo cha poda yangu
alichokifunga kwenye mti wa ufagio;
namba kinyume hazimbabaishi.
Hufuta vumbi kwa pindo la kanzu, husoma, husubiri,
hata kama jana namba ilikuwa hiyo hiyo, na juzi,
na tangu Jumatatu mifereji haijatema tone.
"Haijatembea," huniambia,
kwa sauti ya mtu atoaye habari za mgonjwa.

Watu wana yao.
Shangazi Mwanakheri asema ni wa kusomewa,
akaleta kombe ndani ya chupa ya soda.
Twalha akauliza ni lita ngapi.
Jirani wa juu alidhani tunamtuma,
maana bomba lake lina njia ambayo mita haiijui;
akamfukuza mtoto kwa ndara.
Mwalimu wa chekechea kaandika daftarini kwa wino mwekundu:
hachezi na wenzake.
Chini yake Twalha kaandika namba ya mita ya shule.
Daktari wa Makadara alikuwa mpole. Alitaja jina refu,
akanipa karatasi, akaniuliza kama nalala.
Jina nimelikunja, liko kabatini, chini ya cheti cha ndoa.
Halijanisaidia kumtoa mtoto kichochoroni
na jua la saa saba.

Nisiseme uongo. Kuna siku nimemkokota.
Idi pili, sote na nguo mpya, teksi inangoja,
naye kang'ang'ania kizimba cha Kassamali, analia hajamaliza,
nami, mbele ya watu wa barazani, nikamfinya mkono:
"Hiki ni chuma! Chuma tu! Hakikujui!"
Akanyamaza. Njia nzima kajishika tumbo
kama aliyemeza kitu chenye ncha.
Usiku hakutoka kusoma.
Nikatoka mimi na tochi, nikarudi, nikasimama mlangoni:
sufuri, sufuri, nne, mbili, tisa.
Hakugeuka. Vidole vya miguu vilihesabu.

Baba yake, mtu wa zamu za usiku bandarini,
husema atakua ayaache.
Nami huitikia. Sijui kama nataka.

Jana, saa tisa ya usiku, mkono mdogo begani.
"Mama. Inazunguka."
Nikarukia ndoo, madumu, beseni, sufuria ya pilau,
kichwani napiga hesabu ya pesa za mwenye mkokoteni.
Akanizuia. "Bado. Hii ni hewa.
Nyota ya hewa ina wasiwasi."

Basi nikalala kando yake, kifudifudi.
Saruji ina baridi. Paka akatuvuka kama tusiokuwapo.
Chini ya kioo, kinyota chekundu, punje ya mtama,
kikatetemeka, kikasita, kikatetemeka,
halafu kikashika mwendo,
mwendo wa mtu ajuaye aendako.
"Haya ni maji," akasema.
Na mfereji nyuma yetu ukakohoa.

Nilipaswa kukimbia. Ndoo sita zilikuwa tupu,
na juu huko madirisha yalikwisha kuanza kuamshana.
Lakini alikuwa amesogea,
yeye asiyempa mtu nafasi yake,
ameweka kidole kwenye kioo, hapa, tazama hapa,
pale gurudumu la mwisho lilipokuwa likipanda,
nane inainamisha kichwa, tisa inachungulia.

"Sema wewe," akaniambia.
Nikasema, tisa.
"Bado," akasema. "Bado kidogo."